Pazia la Chumba cha Chini

Jumatano, tarehe 4 Machi

Wifi,

Salamu nitazitoa mwishoni, zikibaki. Kwanza tuongee nguo. Kapu la wiki hii limekuja na mapazia ambayo pindo zake zimejaa tope, utadhani yametoka kulima. Nimefua nguo za wachinjaji, za mafundi gereji na za wagonjwa, sijawahi kuona hoteli ya watalii inayotoa pazia la namna hiyo. Nasikia huko wanakuita Mama Usafi na una wasichana chini yako. Wanafagilia nini sakafu, mapazia?

Nakuandikia wewe kwa sababu kaka yangu haandiki. Tangu awe fundi wa pampu za kisiwa chenu amekuwa mtu mkubwa, na simu zenu zinalala kwenye droo ya mlinzi msije mkapiga picha. Kwa hiyo imebaki njia hii tu. Nguo chafu zinakuja na boti, nguo safi zinarudi, na katikati mimi na wewe tunatupiana karatasi. Usidhani ni mapenzi.

Kisiwa chenu nakiona kila asubuhi nikianika. Wanasema kina umbo la ua, lakini ua hilo analiona aliyeko kwenye ndege tu. Sisi wa ufukweni tunaona lundo la mchanga, kama lile linaloachwa na mtu aliyeanza kujenga akaishiwa, na pembeni yake ile meli ya kufyonza mchanga inatapika. Inafyonza mbele ya nyumba zetu na kutapika mbele ya wageni wenu, na maji ya katikati yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye bango la barabarani wameandika "Kisiwa Asilia". Aliyeandika hilo asilipwe mshahara, apewe medali.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameletewa kijitabu cha picha. Kaka yangu anataka nyumba ya Mama iuzwe, hii hii yenye kisima na jiwe la kufulia na kamba zangu uani, ili anunue nyumba ya wafanyakazi huko kwenye ua lenu na Mama ahamie. Mama anakitazama kijitabu kile akiwa na miwani, halafu anakitazama bila miwani. Hayo mawazo ni ya kaka yangu au ni yako? Nijibu kwa ukweli, kama unao.

Wifi yako,
Dobi

*

Jumatano, tarehe 11 Machi

Shikamoo Dada,

Nimesoma mpaka mwisho, salamu sikuziona, kwa hiyo hazikubaki. Zangu nakupa bure.

Mapazia yatakuja machafu tena wiki ijayo, na ijayo yake. Ni ya vyumba vya chini. Huku tunaishi na bahari karibu sana, karibu kuliko mnavyodhani huko kwenu. Wewe yafue tu, ndiyo kazi yako, kama yangu ilivyo kuyatundika.

Kaka yako amekaa hapa pembeni, anakunywa chai na kusoma ninavyoandika. Yeye ndiye anayebeba kapu mpaka kwenye boti, na bahasha hatuna. Anasema nikueleze uzuri wa kisiwa. Haya, nakueleza.

Asubuhi wageni huamka na kuuliza bahari iko wapi, wakati wamezungukwa nayo. Tunawaonyesha. Kisha hupelekwa kuzamia kwenye bustani ya matumbawe. Matumbawe yenyewe ni matufe ya saruji yaliyopakwa rangi ya waridi, yamepangwa chini na kufungwa kwa waya. Juzi mama mmoja alitoka majini analia kwa uzuri aliouona. Yale matumbawe ya kweli yako chini ya uwanja wa tenisi. Yalifukiwa kwa mchanga yakiwa hai, na Meneja akaandika kwenye ukuta wa mapokezi kwamba yamehifadhiwa. Samaki wamenunuliwa, wakamwagwa kwenye yale matufe kutoka kwenye tangi. Siku ya pili wote walikuwa wameondoka, kasoro waliokufa. Samaki wana akili kuliko wanavyosifiwa.

Nyasi ni za kijani kabisa. Zinanyweshwa usiku na mchana kwa bomba linalotoka upande wenu.

Kuhusu Mama, asiwe na haraka. Huku ngazi ni nyingi, na chini si mahali pa mtu mzima. Kaka yako ameguna hapo, kwa hiyo naishia.

Mke wa kaka yako,
Mama Usafi

*

Jumatano, tarehe 18 Machi

Wifi,

Nimekuelewa vizuri kuliko ulivyotaka. Ngazi ni nyingi, na chini si mahali pa mtu mzima. Maana yake juu ni pako na chini hutaki mtu. Ulipoingia nyumbani kwetu na sanduku moja, Mama alikutolea kitanda chake akalala kwenye mkeka mpaka mlipopata chumba. Leo umepata kisiwa kizima, umeanza kuhesabu ngazi.

Na huo ucheshi wako wa samaki kawachekeshe wageni. Mimi huku sicheki. Tangu mwezi uliopita sabuni haitoi povu. Nilidhani muuzaji amenipa sabuni feki, nikamtukana mbele ya watu, nikabadilisha sabuni, ikagoma na hiyo. Mama akachota maji ya kisima kwa kiganja, akaonja, akayatema. Yameingia chumvi. Kisima kile kilichimbwa na marehemu baba, hakijawahi kumnyima mtu maji matamu, na sasa kinatoa maji ya kusukutulia koo. Kumbe bomba lenu limenyonya maji yote ya chini ili mtalii akanyage majani mabichi, na bahari imeingia mahali palipobaki wazi. Sasa nanunua maji ya kufulia mashuka yenu, na mashuka yakikauka yanasimama yenyewe kama mabati.

Ufukwe nao unaliwa. Mchanga mkiufyonza kule, huku unateremka kwenda kujaza shimo, hata mtoto anaweza kuelewa. Ukuta wa jirani umelala. Nyasi za bahari zimesukumwa mpaka barabarani, zinanuka, na wale wanawake waliokuwa wakiokota chaza maji yakitoka sasa wanaokota vifuniko vya chupa. Afisa wa kampuni alikuja na kofia nyeupe akatuambia ni mabadiliko ya tabia nchi. Nikamwuliza hiyo tabia nchi imeanza siku ile ile iliyoanza meli yenu? Akaandika swali langu, akasema ni swali zuri. Walivyofundishwa kutudharau kwa adabu, hata kumpiga unaona aibu.

Kwa hiyo usidhani nina raha huku ninayoilinda. Nikijisikia, nitamwambia Mama auze kesho, aje akae kwenye kiti chako cha juu.

Dobi

*

Jumatano, tarehe 25 Machi

Dada,

Sanduku lilikuwa moja, ni kweli, na wewe ndiye uliyelifungua mbele ya wageni kuangalia kama lina kitu. Tuyaache hayo.

Kwenye mfuko wa peke yake, juu ya mashuka, nimeweka pazia moja. Ni la chumba cha kona, chumba cha chini, cha namna ile ile wanayouziwa wafanyakazi. Nakuomba usilifue. Mpe Mama alishike mkononi, alitazame taratibu, hasa pale doa linapoishia. Kisha mwulize kama bado anataka kuhama.

Siongezi neno. Wino umekaribia kwisha, na aliyeninunulia wino amesimama mlangoni anasubiri kapu.

Mama Usafi

*

Jumatano, tarehe 1 Aprili

Dada, shikamoo,

Nimeona hizi barua zenu za kuchambana zinakaribia kuharibu mpango, kwa hiyo naandika mwenyewe, kiume, kwa ufupi.

Kampuni yenyewe ndiyo itakayonunua nyumba ya Mama. Wanataka kiwanja kwa ajili ya gati. Mtu wao atakuja Jumatatu na karatasi. Mama ataweka dole gumba, na kwa thamani ile ile tutapewa nyumba huku, mpya, yenye vigae na choo cha ndani. Mama atakaa chumba cha chini ili asihangaike na ngazi. Nimeshampimia mahali pa kitanda.

Najua utasema nini. Watu wa huko mnaogopa maji kama paka. Mimi nafanya kazi ndani ya maji. Bahari ni pampu tu, Dada. Inasukuma, na ukiwa na pampu kubwa kuliko yake unaisukuma na wewe. Ufukwe ukipungua tunaongeza mchanga, mwezi ukiisha tunaongeza tena, wageni hawajui kama jana mahali walipolala hapakuwepo. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi ni mmoja wa waliounda. Baba alichimba kisima kimoja maisha yake yote mkamsifu mpaka kaburini. Mimi nimeshiriki kujenga nchi kavu, na hakuna hata mmoja wenu aliyenipa pongezi.

Jambo la mwisho, na hili usimwambie Mama. Mfanyakazi asiyenunua nyumba hataongezewa mkataba. Wamesema wanataka watu wenye imani na kisiwa. Nisiponunua nimemwaga unga. Nitarudi hapo uani kwako kushika kamba za nguo, na sitaki.

Ndugu yako,
Fundi Pampu

*

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Wifi,

Pazia lako nimelifua.

Ulidhani utanifanyia kejeli, unitumie kitambaa chenye tope mpaka kiunoni, nimpelekee mama yangu mzazi akishike, aone mkwe wake anavyoendesha usafi? Nililifungua nikasema, huyu mwanamke kweli hana haya, uchafu wake anaufanya maonyesho. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa msichana, na uani kwangu doa halilali. Nililiroweka, nikalipiga kwenye jiwe, nikalitia limau na jua. Doa lile lilikuwa kaidi kuliko tope la kawaida, lilikuwa na chumvi iliyoganda kwenye nyuzi, lakini lilitoka. Liko juu kabisa ya kapu, limekunjwa. Litundike uone pazia safi linavyokuwa, uwafundishe na wasichana wako.

Na ya pili. Mama ameweka dole.

Nisikilize vizuri, maana utadhani ni kaka yangu amemshawishi. Ni mimi. Juzi yule mtu wa kampuni alikuja na kidau chake cha wino na viatu vya kung'aa, akatandaza karatasi kwenye meza tunayopigia pasi. Mama akanitazama mimi. Hakumtazama yeye wala kijitabu. Akaniuliza, "Unasemaje, mwanangu?" Nikakukumbuka wewe na ngazi zako, unavyomwonyesha Mama kwamba si mahali pake, na pazia lako la matope kama mtu anayefukuza mbwa. Moyo ukaniwaka. Nikamwambia, "Uza, Mama. Nenda kakae na wewe kwenye vigae." Akaweka.

Kwa hiyo hongera, umepata mgeni. Mama yumo ndani ya boti hii hii iliyokuletea kapu. Nimemfungia godoro lake, sufuria zake na kile kiti chake kifupi. Kapu lako la wiki hii limeshushwa, sijalifungua hata kidogo, nitalifungua nikishamsindikiza Mama. Mimi mwenyewe siji. Nitapanga chumba nyuma ya gereji. Muwe na raha wote huko kwenye ua lenu, na umsalimie kaka yangu mwambie hatashika kamba zangu.

Dobi

*

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Dada,

Leo sina mzaha, na leo hakuna mtu nyuma yangu. Pampu kubwa imekufa, kaka yako yuko chini anaifungua, kwa hiyo kapu nalipeleka mwenyewe.

Mama asiweke dole. Nalirudia kwa sababu nyinyi kwenu mnasikia la pili. Asiweke dole kwenye karatasi yoyote.

Lile doa kwenye pazia ni bahari. Siku za bamvu, maji yakijaa kupita kawaida, yanapanda kutoka chini ya vigae, kwenye kona, kwenye tundu la bafu, yanaingia bila kugonga. Pale doa lilipoishia ndipo maji yalipofika, na kitanda kiko chini ya hapo. Mama yako akilala chumba kile atalala majini. Nilitaka alione kwa macho yake kwa sababu maneno yangu hamyaamini. Tangu siku ya kwanza nikisema ni asubuhi, mnatoka nje kuhakikisha.

Kisiwa kinazama, Dada. Hakizami kwa kishindo, kinazama kama mtu mvivu anavyoteleza kwenye kiti. Mchanga uliomwagwa juu ya tope hushuka, na ule wa pembeni hurudi ulikotoka. Wageni wa vyumba vya chini tunawapa kandambili na kinywaji, tunawaambia hii ni huduma maalumu ya kuishi na maji. Wanapiga makofi. Nimewaona watu wazima, wenye shahada, wamekaa kwenye viti, maji yamewafika kwenye vifundo, wanapiga makofi. Nikipita na ndoo wananiambia nina bahati kuishi mahali kama hapa.

Nyumba za wafanyakazi zote ni za chini. Vyumba vya juu haviuziwi sisi. Ngazi nilizokuambia ni nyingi ndizo pekee zinazomwokoa mtu huku, na chumba hiki cha juu tunacholala tumeazimwa tu kwa sababu kaka yako lazima awe karibu na swichi za pampu.

Kaka yako anajua yote haya. Simwiti mwongo. Anaamini ataishinda bahari, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mwongo, kwa kuwa mwongo hujiandalia pa kukimbilia. Ukimwambia nimekuandikia haya, ndoa yangu imekwisha. Basi mwambie, mradi Mama abaki.

Wifi yako

*

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Wifi,

Barua yako ilikuwa kwenye kapu lililokaa miguuni pangu wakati nikimvalisha Mama viatu. Nililiruka kapu hilo mara nyingi siku ile nikipitisha mizigo. Nililifungua boti ilipokwisha kuwa ndogo.

Nilikimbilia ofisi ya kampuni. Kijana wa mapokezi akanipa maji ya chupa na kuniambia mauzo ni mauzo, akanipa na kijitabu kile kile cha picha, kana kwamba shida yangu ni kwamba sikukiona. Nilimwambia mama yangu yuko mahali panapojaa maji. Akasema wengi wanalipenda hilo. Nikamwaga yale maji yake ya chupa kwenye zulia lake nikamwambia alipende na yeye. Walinitoa nje, lakini kwa adabu, wameshafundishwa.

Gati hakuna. Jumatatu ilikuja mashine ya kubomoa, na kufikia mchana nyumba ilikuwa imelala. Nilidhani watafyeka waanze kupima. Hawakupima kitu. Waliendelea kuchimba. Walichimba sebule, wakachimba uani, wakachimba pale kamba zangu ziliposimama, na kila kilichotoka kilipakiwa kwenye tishali la mizigo linaloelekea kwenu. Hawakutaka kiwanja, Wifi. Walitaka mchanga wake. Kisima wamekizungukia mpaka kikasimama peke yake kama bomba la moshi, kisha wakakiangusha nacho. Nilisimama na majirani. Wale waliokuwa wakinionea wivu kwa kuuza walikuwa wameshika videvu. Mmoja akaniuliza kwa upole kama wangenunua na kwake. Nikamwangalia mpaka akaona haya akaenda zake.

Nimejidharau wiki hii kuliko nilivyokudharau wewe miaka yote, na unajua nilivyokudharau. Uliniletea bahari mkononi nikaipiga kwenye jiwe ikatoka. Nilisifiwa na nani? Na mimi mwenyewe.

Mrudishe Mama. Chumba changu nyuma ya gereji kina harufu ya oili na kitanda kimoja, nitalala chini. Mrudishe kwa boti ya nguo, ya wageni, ya takataka, yoyote inayokuja. Kama kaka yangu atakataa, mwambie nitakuja na gongo la kufulia.

Nakushukuru. Neno hilo sijui linaandikwaje kwako, nimeliandika hivyo hivyo.

Wifi yako,
Dobi

*

Jumatano, tarehe 22 Aprili

Dada,

Mama ni mzima. Hajalala chini hata mara moja. Alipofika nilimpandisha juu moja kwa moja nikampa kitanda chetu, na kaka yako aliposema chumba cha chini kimeandaliwa, nilimwambia akalale yeye. Akaenda kweli, kwa kiburi. Bamvu likaingia. Asubuhi alitoka na suruali imemganda magotini, akapita mbele ya mama yake, na tangu hapo analala kwenye chumba cha pampu. Tunampelekea chakula. Anapokea sahani bila kuinua macho.

Tishali lako lilifika Alhamisi. Walimwaga mchanga ufukweni, mbele ya wageni, na Mama alikuwa kibarazani juu. Katikati ya mchanga kulitoka kipande cha jiwe la kufulia, lile la uani, nililitambua kwa mifereji yake. Mama alilitambua kabla yangu. Unajua Meneja amefanya nini? Amekizungushia kamba na kuweka kibao kwamba ni mabaki ya kale ya wakazi wa mwanzo wa kisiwa. Kisiwa kina umri mdogo kuliko viatu vyangu. Leo asubuhi nimepita, kulikuwa na foleni ya kupiga picha, na baba mmoja alikuwa akimweleza mkewe kwamba hapo walikuwa wakichinja kafara. Nilitamani kumwambia ulikuwa ukipiga hapo mashuka yake.

Mkataba wa kaka yako haukuongezwa. Waliona ana nyumba tayari, hana pa kwenda, wamempa kibarua cha siku kwa siku. Amelia. Sikuwahi kumwona akilia na sitaki kumwona tena.

Nilimsomea Mama barua zako zote, tangu ya kwanza, na zangu na ya kaka yako nikamsimulia nilivyozikumbuka. Aliniambia nisiruke matusi. Nilipomaliza akaniambia nichukue karatasi niandike anavyosema, nisipambe. Haya ndiyo maneno yake.

*

Mwanangu,

Huyu anaandika, ninayesema ni mimi.

Nimesikiliza barua zenu. Mmeandikiana vizuri. Mkwe anasema Mama asiwe na haraka, binti anasema Mama akakae kwenye kiti cha juu, mwanangu wa kiume ameshapima mahali pa kitanda. Hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani kuniuliza mimi nataka kulala wapi. Nilikuwa pale pale, ukuta wa pili, ukiandika nasikia kalamu.

Kile kijitabu nilikuwa nakitazama kwa sababu mmoja wenu alikuwa ameniletea kitu. Nyumba zile sikuzipenda. Hazina pa kuanika.

Yule bwana wa wino alipokuja nilikuwa nimeshaamua kumrudisha. Nilikuuliza wewe kwanza kwa heshima tu, kwa sababu unaoga na kula kwa kazi ya uani pale, nikijua utasema hapana. Ukasema uza. Ukasema nenda. Hukuninyanyulia hata uso.

Nilidhani umenichoka. Miaka yote umenipikia, umeniosha, umeninyoosha mgongo, nikasema mtoto huyu amevumilia, leo amepata mlango wa kunitolea, nisimzibie. Ndiyo maana niliweka dole haraka, usije ukajutia ukanibakiza kwa huruma. Kwenye boti sikugeuka nyuma kukutazama. Nilidhani ndivyo ulivyotaka.

Huyu amenisomea mpaka pale unaposema mrudishe Mama. Mimi si shuka. Sirudishwi kwenye kapu. Kama hukunichoka, njoo unichukue mwenyewe kwa mkono wako, niulize mbele ya hawa kama nataka kwenda, nami nitakujibu. Kama ulinichoka kweli, usije kwa aibu. Hapa juu bado ni pakavu.

Mama yako